Mkwe Hajapita

"Hivi, Mama Ambwene, ardhi ikikuambia wewe kwanza, utakimbia kwanza au utatuambia kwanza?"

Sekela aliuliza hivyo siku ile ile Subilaga alipovishwa kikuku. Walikuwa wamekaa upenuni wanapukuchua maharage, ungo mmoja katikati yao, kama walivyokaa kwa miaka ishirini na mitatu ya ujirani. Aliuliza huku akicheka.

"Na miguu hii?" Subilaga alijibu. "Nikikimbia kwanza si mtanipita njiani?"

Wakacheka wote wawili. Maharage yakaendelea kudondoka unguni, na swali likabaki pale pale, halijajibiwa.

Baadaye, mambo yalipokuwa yamekwisha kuharibika, Subilaga alilikumbuka swali lile kila alipopiga magoti. Akaona kwamba jirani yake hakuwa akitania. Mtu akikuuliza jambo kwa kicheko huku macho yameganda kwenye mkono wako, huyo anataka jibu.

Kikuku chenyewe kilikuwa cheusi, chembamba kama bangili ya mtoto. Hakikuonyesha saa, hakikuwa na taa. Kikiwa kimya kilikuwa baridi. Kikisikia, kiling'ata.

*

Chini ya milima yote ya Bonde la Ufa, toka ziwa hadi ziwa, Kituo cha Matetemeko kilikuwa kimefukia masikio, mirija ya chuma iliyozamishwa kwenye visima virefu kuliko minara kumi ya kanisa iliyopandana. Injinia Chilongani, kijana mpole aliyetumwa kuja kuyaeleza hayo kijijini Ikombelo, aliwakusanya watu kwenye uwanja wa shule akawaambia hivi:

"Tetemeko huja kama watu wawili. Mbele anakuja tarishi. Anakimbia upesi, lakini hana nguvu ya kuangusha hata kikombe. Nyuma yake linakuja jeshi. Masikio yetu yanamsikia tarishi. Muda ulioko kati ya tarishi na jeshi, huo ndio wenu."

"Ni muda gani?" Sekela akauliza toka nyuma.

"Kwa hapa Ikombelo, mama, sekunde kumi na tano. Pengine ishirini na tano. Inategemea jeshi linatoka wapi."

"Sala ya Bwana haiishi hapo."

"Basi mtaimalizia nje."

Watu wakacheka, wakampenda. Kila nyumba ikapigiliwa juu ya mlango kisanduku kidogo kama kipande cha sabuni, na kwa kuwa sauti yake ilikuwa kali na ya kupanda, watu wakakiita jogoo.

Jogoo waliwika mara kumi na moja mwaka wa kwanza. Mara mbili tu ndipo ardhi ilipotikisika. Mara nyingine ilikuwa baruti za wapasua mawe, au radi, au maporomoko ya udongo upande wa pili wa mlima. Mara ya sita bibi Kissa aliteleza kizingitini akavunjika nyonga, akalala kitandani hadi alipokufa. Mara ya tisa watoto wa darasa la pili walikanyagana mlangoni. Baada ya hapo watu hawakugombana na Kituo, wala hawakuandika barua. Mmoja alimfunika jogoo wake sufuria, mwingine akamjaza matambara, na wengine wakaiga. Kisha likaja tetemeko la kweli, la wastani tu, likawaua watu wanne wa kijiji cha ng'ambo waliolala chini ya jogoo aliyezibwa mdomo.

Ndipo Kituo kikaweka utaratibu mpya. Masikio yakiwa na uhakika wa sabini kwa mia au zaidi, jogoo watawika wenyewe. Yakiwa chini ya arobaini, watanyamaza. Lakini kati ya arobaini na sabini, pale mashine inapokuwa haijui, ataamua mtu. Mtu mmoja kila kijiji, anayekijua kijiji, anayejua leo kuna harusi, leo kuna sufuria za msiba motoni, leo wapasua mawe wako kazini. Kikuku kitamng'ata, tarakimu zitajiandika kwenye ngozi ya mkono wake, nyeupe kama chaki. Sekunde ngapi, na uhakika gani. Akiona ni kweli, ataweka kidole gumba juu ya kikuku, na jogoo wote watawika kwa pamoja.

Walimchagua Subilaga kwa sababu moja. Alikuwa mjane wa darasa la saba, mzee wa kanisa, mwanamke wa maneno machache, na hakuna aliyekumbuka kumsikia akisema jambo ambalo halikuwapo. Akaapa mbele ya mchungaji na mwenyekiti. Kiapo kilikuwa kifupi, na Kituo ndicho kilichokiandika. *Sitamwambia mmoja kabla ya wote.*

Mwezi wa tatu kikuku kilimng'ata siku ya harusi kwa Mwakyembile. Hamsini na tano kwa mia. Akabonyeza. Jogoo wakawika, watu wakakurupuka, na ardhi ikatulia tuli kama maziwa bakulini. Sufuria ya supu ilimwagikia binti wa miaka saba mguuni. Subilaga alimuuguza mwenyewe wiki tano, akimpaka dawa asubuhi na jioni. Hakuna aliyemlaumu, lakini tangu hapo alijua kwamba kidole kile kina uzito pande zote mbili.

*

Mwezi wa tano kulikuwa na zoezi. Injinia alisimama njiani na saa yake mkononi, jogoo wakawishwa makusudi, na watu wakatoka majumbani. Kila mwenye nyumba alipaswa kuinua mkono akishatoka na watu wake.

Nyumba ya Sekela ilipakana na ya Subilaga, ikitenganishwa na migomba tu. Ilikuwa nyumba ya matofali mabichi yenye sebule, vyumba viwili nyuma, na mlango mmoja. Mumewe, Mzee Angolile, alikuwa ameanza kuishiwa miguu, akawa anashinda sebuleni kwenye kiti chake, karibu na mlango, apate mwanga. Chumba cha nyuma alikaa Tumpe, mke wa mtoto wao Lugano, na kichanga chake Gwantwa. Lugano mwenyewe alikuwa kazini Makambako.

Sasa, Ikombelo mkwe wa kike hapishani na baba mkwe wake. Hamtazami, hamgusi, hasimami naye kizingiti kimoja. Wala si chuki, wala si woga. Ni heshima iliyokuwapo kabla ya kanisa, na kanisa lilipokuja likaiacha ilale ilipolala. Tumpe akitaka kutoka, alikuwa akikohoa mara mbili chumbani. Mzee Angolile aligeuza uso ukutani. Tumpe alijitanda kanga kichwani akapita ameinama, na akishafika nje alikohoa mara moja. Ndipo mzee alipogeuka. Walikuwa wameishi hivyo miaka minne bila neno moja kati yao, na mzee alikuwa akiwaambia watu kwamba hajawahi kuona binti mwenye adabu kama yule.

Siku ya zoezi, jogoo alipowika, Mzee Angolile alishika mkongojo wake akaanza kutoka, Sekela kamshika kwapa. Walifika mlangoni sekunde ya kumi na nne. Pale akasimama avute pumzi. Sekela akainua mkono, na Injinia akaandika: wametoka.

Subilaga, aliyekuwa amesimama kwenye migomba, alimwona Tumpe ndani. Amejitanda kanga, mtoto mgongoni, kasimama katikati ya sebule anatazama chini. Mlango umejaa mgongo wa baba mkwe. Hakuweza kukohoa, kwa maana mzee hakuwa na ukuta wa kugeukia. Hakuweza kumsukuma. Akasubiri hadi mzee alipoteremka ngazi na kwenda zake mpaka chini ya mti wa parachichi. Ndipo akatoka. Subilaga alikuwa amehesabu kimoyomoyo. Arobaini na moja.

Macho yake yakakutana na ya Sekela. Hakuna aliyemwambia Injinia. Utaanzaje kumwambia mgeni mwenye saa mkononi jambo kama lile la nyumba ya watu?

*

"Mtoboe mlango wa nyuma," Subilaga alimwambia jirani yake jioni ile.

"Nimeshasema, mwenzangu. Nimesema tangu mwaka jana." Sekela alikuwa anachambua mboga, hakuinua uso. "Anasema mlango wa nyuma ni wa mwizi. Anasema nyumba ya Angolile haitobolewi mgongo yeye akiwa hai."

"Basi asishinde sebuleni."

"Umhamishe wewe. Mimi nimemshindwa tangu ana meno."

Subilaga alikaa na jambo lile siku nyingi. Aliliombea. Kila alipopita karibu na nyumba ile aliuona mlango ule mmoja, mwembamba, na boriti nene juu yake ambayo Angolile aliichonga mwenyewe ujanani. Siku moja akamkuta Tumpe chemchemini peke yake, ndoo inajaa taratibu.

"Mwanangu, simu yako unakaa nayo?"

"Ninayo kiunoni muda wote, mama."

"Siku kikuku kikining'ata nikaona ni kweli, nitakubipu. Mara moja tu. Usipokee, usipige. Ukisikia mlio wangu, mtoto mgongoni, kohoa, upite, utoke. Jogoo atawika nyuma yako."

Tumpe alimtazama. Alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, mwembamba, mwenye macho ya kusikiliza. "Kwa nini usiwishe jogoo kwanza, halafu unibipu?"

"Jogoo akiwika, baba mkwe wako anasimama. Akisimama, mlango umeziba."

Maji yalikuwa yamejaa, yanamwagika pembeni ya ndoo. Hakuna aliyeiondoa.

"Mama, si uliapa?"

"Niliapa."

"Sasa?"

"Sasa mimi na Mungu wangu tutajuana. Ni sekunde mbili, tatu. Wewe kohoa, upite. Na usimwambie mtu, hata mumeo."

"Sitasema," Tumpe alisema, akashukuru kwa lugha ya kwao. "Ndaga, mama." Akajitwisha ndoo akaenda zake, na Subilaga akabaki ameshika kikuku chake kwa mkono wa pili, kama mtu anayejipima mapigo ya moyo.

*

Ilikuwa Jumatano, saa nne na dakika kumi na nne za asubuhi. Subilaga alikuwa anamenya ndizi mbichi nje ya jiko, maji yenye chumvi pembeni yake. Kuku walikuwa wameacha kuchakura, wamesimama wote wamenyoosha shingo. Akawaona, akajiuliza kuna nini, na kabla hajamaliza kujiuliza kikuku kikamng'ata.

Tarakimu zikatoka kwenye ngozi. Sekunde ishirini na moja. Hamsini na nane kwa mia.

Hamsini na nane. Akamwona binti wa harusini, na mguu wake. Akawatazama kuku. Akasikiliza upande wa mawe, lakini Jumatano wapasua mawe hawafanyi kazi. Ni kweli, alijiambia. Inakuja.

Sekunde ishirini. Kumi na tisa.

Kidole gumba chake kilikuwa kimeshainuka. Mkono ule mwingine, wenye utomvu wa ndizi, ulikuwa umeshaingia mfukoni mwa aproni. Alijua alichokuwa anafanya. Hilo alilisema baadaye bila kulipunguza. Hakushtuka, hakuchanganyikiwa. Alibonyeza namba ya Tumpe, akasubiri mpaka aliposikia imeita upande wa pili, akakata. Sekunde tatu.

Ndipo akaweka kidole.

Jogoo mia moja na arobaini wakawika. Ikombelo nzima ikapasuka kwa sauti ile, na milango ikaanza kufunguka, na watu wakatoka kama nyuki. Akaona shule ikimwaga watoto uwanjani, mstari kwa mstari, hakuna aliyekanyagwa. Kwenye uwazi wa migomba alimwona Tumpe, amefika shambani kwenye viazi, anakimbia, kanga imeanguka mabegani, mtoto anarukaruka mgongoni. Subilaga akasema, Asante Bwana.

Kisha jeshi likafika.

Alikuwa ameshayasikia mengine, lakini hili halikuwa kama mengine. Lilianza na mngurumo chini ya nyayo, kama lori zito linalopita ndani ya ardhi. Beseni la maji likamwaga nusu yake upande wa kulia, kisha nusu nyingine kushoto. Migomba ikapiga magoti ikainuka. Bati za nyumba yake zikaruka mara moja zikakaa upande. Akalala kifudifudi na mikono kichwani, akahesabu hadi thelathini na nne, na ilipotulia akasikia sauti aliyoijua, lakini kwa namna ambayo hajawahi kuisikia. Sekela alikuwa anaita jina la mumewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwita aje kula.

*

Nyumba thelathini na moja zilianguka. Watu wa Ikombelo walikuwa mia sita na kumi na wawili. Alikufa mmoja.

Sekela alilisimulia lile tukio kila alipofika mtu mpya matangani. Alilisimulia vile vile kila mara, hakuongeza neno.

"Jogoo amewika. Nimetoka chumbani nimekuja kumshika mkono. Namkuta uso ukutani. Namwambia, baba, jogoo. Ananiambia, 'Subiri, mkwe hajapita.' Namwambia mkwe gani, jogoo anawika. Ananiambia, 'Nimesikia amekohoa. Hajakohoa nje.' Namvuta, ananiondoa mkono. Namvuta tena. Amesimama, tumefika mlangoni, boriti ikashuka. Nikabaki na kofia yake."

Watu wakampa pole. Halafu, pembeni kidogo, wakaanza kuulizana. Mkwe alikohoa lini? Maana jirani Mwasulama na mkewe walimwona ameshatoka mlangoni, mtoto mgongoni, jogoo walipoanza tu kuwika. Ametokaje kabla ya jogoo? Aliambiwa na nani? Mmoja akasema kuna watu ardhi huwanong'oneza. Mwingine akasema hapana, ardhi hainong'onezi bure, huwa imelishwa kitu.

Kufikia siku ya tatu hakuna mwanamke aliyekaa mkeka mmoja na Tumpe. Hakuna aliyempokea mtoto ili naye ale. Lugano alifika toka Makambako, akamzika baba yake, akapita mbele ya mkewe kama anayepita mbele ya ukuta. Na Tumpe hakusema. Aliulizwa na mashangazi, aliulizwa na mwenyekiti, akatazama chini. Alikuwa ameahidi chemchemini.

Injinia Chilongani alimfuata Subilaga siku ya nne kwenye hema alimolala tangu tetemeko. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakataa chai, kisha akaipokea.

"Mama, kati ya kikuku kung'ata na kidole kubonyeza kuna sekunde tano. Mbili ni za kufikiri, kila mtu anazo. Tatu sizijui."

"Unataka kuzijua?"

"Hapana."

Chai ikapoa mikononi mwake. Nje mtu alikuwa anapigilia vigingi vya hema, akapumzika, akapigilia tena.

"Masikio hayajalala," Injinia alisema polepole. "Matarishi wanakuja kila siku, wadogo wadogo, na wote wanatoka upande wa mashariki, ambao zamani ulikuwa kimya. Lile la Jumatano, mama, lilikuwa kubisha hodi. Mwenyewe bado hajaingia. Nasema hivi kwako tu. Kesho kwenye kikao watauliza. Sema ulishtuka. Kila mtu hushtuka, Kituo kimeshaandika hivyo kwa wengine. Wakijua kwamba jogoo alisubiri kwa ajili ya mtu mmoja, watawaziba wote kabla jua halijazama. Watu mia sita na kumi na mmoja."

"Na Tumpe?"

"Maneno ya watu huisha."

"Mwanangu," Subilaga alisema, "hujakaa kijijini."

Usiku huo aliomba aambiwe la kufanya. Hakuambiwa. Alisikia tu vifuniko vya sufuria vikigongana kidogo pembeni ya hema, vikatulia, vikagongana tena.

*

Kikao kilifanyika kwenye ghala la viazi, kwa kuwa lilikuwa jengo pekee lenye kuta zote nne. Watu walikaa juu ya magunia. Mwenyekiti Mwasomola na Injinia walikaa mezani. Tumpe alikaa karibu na mlango, chini, mtoto mapajani, na pande zote mbili zake palikuwa na nafasi ya watu watatu ambayo hakuna aliyeijaza. Juu ya mlango jogoo wa ghala alining'inia kwa msumari mmoja.

Kabla mwenyekiti hajamaliza kufungua kikao, tetemeko likapita. Lilikuwa dogo. Vumbi likadondoka toka kwenye mapaa, kiazi kimoja kikaviringika sakafuni hadi katikati ya watu kikasimama. Jogoo hakuwika. Watu wote, bila kuambiana, wakageuka wakautazama mkono wa Subilaga.

"Chini ya arobaini," akasema. Wakashusha pumzi.

Mwenyekiti akaeleza kwamba jogoo amewaokoa, na kwamba kuna sekunde chache ambazo Kituo kinasema ni za kushtuka kwa binadamu, na kwamba hilo likiisha waende kwenye mambo ya mabati. Injinia aliinamia karatasi zake.

Sekela akainua mkono. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani, na mapajani alikuwa na ile kofia.

"Mimi nina swali moja, na si la mabati. Namuuliza mkwe wangu." Hakugeuka kumtazama. "Uliniacha ndani na mume wangu. Ulikohoa, akakugeuzia uso kwa heshima, ukaenda zako. Jogoo hajawika. Nani alikuambia?"

Tumpe akamfunika mtoto vizuri.

"Aseme nini," mwanamume mmoja alisema nyuma. "Waulizeni waliomfunda."

"Anayejua la ardhi kabla ya mashine, huyo si wa kukaa naye kijiji kimoja," mwingine akaongeza, na Lugano, mume wa Tumpe, alikuwa amekaa palepale, anachokonoa uzi wa gunia.

Subilaga akasimama. Injinia aliinua uso, akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi.

"Mimi ndiye niliyemwambia," Subilaga alisema.

Akaeleza. Alieleza zoezi, na sekunde arobaini na moja, na chemchemi, na simu. Hakutafuta maneno mazuri. Alisema kikuku kiling'ata, nikajua ni kweli, nikambipu Tumpe, ndipo nikawaamsha ninyi. Alisema niliapa kwamba sitamwambia mmoja kabla ya wote, nikamwambia mmoja. Alisema binti huyu hana la ardhi wala la kulishwa, alifanya nilivyomtuma, akanyamaza kwa kuwa nilimwambia anyamaze. Kama alisahau kukohoa nje, alikuwa anakimbia na roho ya mtoto mgongoni, na hilo sikulifikiri. Nilihesabu yote, hilo la kukohoa nje sikulihesabu.

Juu ya mlango jogoo alisuguana na msumari wake.

"Kwa nini hukunibipu mimi?" Sekela aliuliza. Sauti yake ilikuwa ile ile ya upenuni. "Miaka ishirini na mitatu, Mama Ambwene."

"Wewe ulikuwa na mlango."

Sekela akafikiri. "Ungebonyeza kwanza, Angolile angekuwa ukutani?"

"Hapana. Angesikia jogoo, angesimama."

"Angetoka."

"Kwa zile tatu, na kwa kutogeuka ukutani, ndiyo. Nadhani angetoka."

"Na huyu?" Bado hakugeuka.

"Angekuwa nyuma yenu. Anasubiri mpishe."

"Na mtoto?"

"Mgongoni kwake."

Sekela aliinamia kofia, akaikunja, akaikunjua. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini kwamba kesho yeye anang'oa wa kwake, heri asikie mwenyewe kuliko kuletewa mabaki. Wawili watatu wakaitikia. Mwenyekiti akawataka watulie.

Subilaga alifungua kikuku. Kilikuwa kimeacha alama nyekundu kuzunguka mkono wake. Akakiweka mezani mbele ya Injinia.

"Msiwang'oe," aliwaambia. "Ning'oeni mimi. Upande wa mashariki haujalala, huyu kijana anajua. Mtafuteni mwingine leo, kabla hamjatoka humu."

Injinia akawa hana pa kujificha tena. Akasimama, akawaambia yale aliyoyasema hemani, yote, hata la hodi. Mwanamke mmoja akaanza kulia kimya kimya. Mwenyekiti akauliza nani atakivaa. Akamtazama Mwasulama, Mwasulama akatazama dari. Akamtazama mwalimu, mwalimu akasema yeye ana watoto watatu wadogo, asije akajaribiwa. Akamwita mmoja, akamwita mwingine, na kila aliyeitwa alionekana kumkumbuka mtu wake mmoja aliye nyuma ya mlango fulani. Kikuku kikabaki mezani, cheusi, baridi, kama kitu kilichookotwa kaburini.

Kisha kikatetemeka. Kikaigonga meza mara tatu, tik, tik, tik, kikatulia. Hakikuwa na ngozi ya kuandikia, kwa hiyo hakuna aliyejua kilitaka kusema nini. Kiazi kile cha sakafuni kikaviringika nusu hatua.

Sekela akainuka. Akavaa kofia ya mumewe juu ya kitambaa chake cheusi, akaja taratibu mpaka mezani. Akakichukua kikuku akakipima uzito kiganjani. Injinia akafungua mdomo aseme kwamba lazima kwanza kuandikishwa, kwamba kuna kiapo, kisha akaufunga. Sekela alikivaa mkono wa kushoto, akakibana mpaka kikalia. Kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama Subilaga usoni, na Subilaga akasubiri swali lile la upenuni, utakimbia kwanza au utatuambia kwanza, ambalo sasa lilikuwa lao wote wawili.

Halikuja. Sekela alipita kati ya magunia, akafika mlangoni alipokaa Tumpe. Akainama, akaurudisha ndani ya kanga mguu wa mtoto uliokuwa umetoka nje. Kisha akapita chini ya jogoo, akatoka.